Masikio ya Rahaf

...na hao walio hai tunawaandika wamepona, anasema Profesa Shukri, kitochi chake chekundu kinacheza juu ya mstari wa buluu ukutani, mstari mzuri, unapanda, na wenzangu wote wanatikisa vichwa kukubali, na Rahaf, mgonjwa wangu mdogo, yumo humo, yeye ni mmoja wa walioupandisha, uvimbe wa ini umekwisha, dawa imefanya kazi, na dawa hiyohiyo imemla masikio... jana alikuja kliniki na mama yake, nikamwita kutoka mlangoni, Rahaf, Rahaf, akaendelea kubangua mbegu za maboga, mpaka mama yake alipomgusa bega ndipo akageuka akicheka, "Daktari Ibtihal, mbona unaninong'oneza kama mwizi?", na korido nzima ilikuwa imenigeukia kwa jinsi nilivyopaza sauti... "Dozi ya utafiti mpya itabaki ileile," anasema Profesa, na Mounir aliyekaa kando yangu ananivuta mkono wa koti, "Mkubalie mzee tuondoke, samaki wa kuchoma wanatungoja mgahawani Anfushi," na mimi natabasamu kwa sababu Mounir hana ubaya, hata Profesa hana, amezika watoto wengi kuliko sisi sote humu, ndiyo maana ana haraka, ukichelewesha utafiti mtoto anakufa, huniambia kila mara, na ni kweli, na ukweli huo ndio unaonifunga mdomo... lakini Mama Rahaf alisema taratibu, akimfunga binti yake vifungo vya sweta, "Usinielewe vibaya, Daktari, namshukuru Mungu ninaye. Ila zamani nilikuwa namwita toka dirishani, anapanda ngazi mbio. Sasa nashuka mimi kumfuata," kisha akasema, "Hata mngetuambia, tungekubali dawa. Lakini mngetuambia," na Rahaf, aliyekuwa akiitazama midomo yetu, akauliza, "Na mtoto atakayekuja baada yangu, mtamuuliza yeye?", nikampangusa maganda ya mbegu kidevuni... tumepima uvimbe, tumepima damu, tumepima nani yu hai, masikio hatukuyapima, na kwa kuwa hatukuyapima hakuna aliyehangaika kuyakinga, na utafiti huu mpya tunaoupitisha sasa hivi umeshonwa vilevile, na mimi siku zote nimedhani ni lazima nichague, haraka au masikio, kumbe hakuna aliyeniwekea chaguo hilo, kupima masikio hakumcheleweshi mtoto hata sindano moja, kumuuliza mama yake pia hakumcheleweshi, tulichokosa ni mtu wa kutuambia kupona ni nini, na mtu huyo anakaa na mama yake mtaa wa Karmuz, ghorofa ya nne... "Kuna mwenye neno?" anauliza Profesa, bado ameukazia macho ukuta, na mkono ulioinuka ni wangu, Mounir anaguna, samaki wake wanaungua, "Uliza, binti yangu," anasema Profesa, "Sina swali, Profesa," nasema, "ninao watu wawili, mtoto na mama yake, nataka waje watuulize sisi kwanza," na mkono siushushi.