Kisiki cha Upinde

Yotamu na mkewe Frida walikuwa na mchezo wao wa masika. Rasharasha ikikutana na jua, hutoka barazani kwao Ilomba kutafuta upinde wa mvua. Upinde mzima hawakuuhesabu. Huo hata mlevi anauona. Walitaka vipande: kisiki kifupi juu ya Uyole, rangi mbili zilizokwama winguni, miale inayochungulia milimani. Na kwa kuwa kwao anayeunyooshea upinde kidole anajitakia kidole kikatike, walionyeshana kwa kidevu.

Kidevu kilimfaa Yotamu mno. Mtoto wa jicho alikuwa amemtanda macho yote mawili, mawingu na milima vikawa uji mmoja. Lakini yeye ndiye aliyemfundisha Frida kwamba upinde hukaa mkabala na jua, basi alisikiliza joto la jua shingoni, akainua kidevu mbele na kusema, "Kile pale." Mara nyingi alipatia. Aibu hakuona, aliuona ni ujanja. Jumamosi alikuwa awaendeshe wajukuu hadi Iringa kwenye kipaimara cha binamu yao, na mtu aliyeendesha gari kwa miaka thelathini hakubali kirahisi kuachia usukani.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, manyunyu yalianguka na wingu likaziba jua. Shingo haikuhisi kitu. Frida, ambaye jana yake alimsikia akisifia kisiki kilichokwisha kufifia, alimtazama kidogo.

"Baba Goodness, si kile pale, juu ya Mbalizi?"

"Nakiona. Kijani imekolea kweli."

"Jua lenyewe liko Mbalizi, baba. Si wewe ulinifundisha?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yotamu alifikiria kusingizia kwamba ameona pete ya jua, ile duara ya rangi inayolizunguka, akaona anajichosha bure. Hakuogopa kisu cha daktari; aliogopa kunyang'anywa usukani.

"Haya. Sioni."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

Frida akakaa chini. "Januari ulitupeleka Kilolo msibani. Mimi, Goodness na watoto wake. Na ule ukungu! Uliendeshaje?"

"Kulikuwa na lori mbele. Nilifuata taa zake nyekundu."

"Na lilipokata kona Makambako?"

"Nikangojea lingine."

Yotamu aliusikia mkono wa Frida ukiingia mfukoni mwa koti alilovaa yeye kutafuta ufunguo wa gari, na hakuuzuia.