Theluthi ya Mizizi

Watu wa Butiama walimcheka Mzee Machage miaka na miaka kwa sababu ya ule mti, na ukweli usemwe, walikuwa na haki ya kucheka. Bwana shamba mzima, mtu aliyezunguka vijiji vya Bunda akifundisha watu kupanda pamba, anastaafu na kurudi kwao kulea mkuyu mfupi kuliko mbuzi, ndani ya chungu kipana kama sinia! Walimuuliza kivuli chake kinampumzisha nani, kuku? Mzee alijibu kwamba kuku nao ni viumbe vya Mungu, akaendelea kumwagilia.

Kazi hiyo alifundishwa na Mjapani mmoja aliyekuja kufundisha hesabu sekondari, enzi hizo Machage anaishi Nyasura, kule Bunda. Mjapani akarudi kwao, mti ukabaki. Penina, binti yake Machage, alikuwa darasa la tatu. Leo Penina ana miaka thelathini na mitano, anakaa Kigera, ana duka la madaftari Musoma mjini, na mkuyu wenyewe bado haujamfika kiunoni.

Kila baada ya miaka miwili, masika yakianza, baba na binti waliuhamisha. Mzee alikuwa na sheria zake na alizirudia mpaka mtoto akazishika kama sala. Mti wa chungu una wakati wake. Kiangazi usiuguse. Ngoja mvua ishike, ngoja vichipukizi vivimbe. Ukimwagilia na maji yakatuama juu, ukiona mizizi inachungulia kwenye matundu ya chini, ujue nyumba imeshakuwa ndogo. Toa mti, chambua udongo wa zamani, kata mizizi theluthi moja, isizidi, rudisha na udongo mpya. Kisha uache upumzike miaka miwili. Penina alishika shina, baba alikata.

Mara ya mwisho baba alimwambia kwamba safari ijayo watabadilishana: yeye atashika shina, Penina atakata. Mkasi ukiwa wako, alisema, na mti ni wako. Kaka zake Penina walikuwa wanasubiri kurithi ng'ombe. Yeye miaka miwili yote alisubiri mkasi.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa na wiki mbili, Penina alifunga duka akaenda Butiama na kiroba cha mchanga mnene wa ziwani na sato wanne wa mama. Alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kupokea cheti. Kwenye simu kila wiki mama yake, Susana, alimwambia baba hajambo, yuko na mti wake. Penina akaridhika. Baba simu hakuzipendaga tangu zamani.

Uani hakukuwa na mtu. Mti ulikuwa mahali pake, juu ya kigoda chini ya upenu wa stoo. Penina akausogelea, na pale pale furaha ikamkauka. Ule mkuyu uliokuwa na majani ya kuficha mkono ulikuwa umebaki na majani matatu, ya manjano, yanalegea. Udongo ulikuwa mpya, mweusi, bado una maji.

Kwanza alikasirika. Kwa hiyo baba ameanza bila yeye, baada ya ahadi yote ile! Akashika shina kulitikisa kidogo, likacheza kama jino bovu. Akalivuta, wala hakulivuta kwa nguvu, na mti wote ukaja mkononi. Mungu wangu. Chini hakukuwa na kitu. Pale palipokuwaga na mizizi ya kujaza beseni palibaki mizizi mitatu, minene kama vidole, na juu yake vishina vya mizizi iliyokatwa. Vingine vilikuwa vimekauka vikawa vya kahawia. Vingine vilikuwa vyeupe. Kimoja kilikuwa bado kinatoa utomvu.

Penina alikuwa ameijua kazi hii tangu utoto, haikuhitaji aelezwe. Mti huu haukukatwa mara moja. Akainua macho kwenye mlango wa stoo, ambako baba aliandikaga kwa chaki tarehe ya kila kuhamisha, mstari mmoja kwa miaka miwili. Mistari ya zamani ilikuwepo. Chini yake ilikuwepo mipya, kwa mwandiko ule ule wa ofisini, umenyooka. Tarehe tatu Machi, nimehamisha, mizizi theluthi moja. Tarehe tano Machi, nimehamisha, mizizi theluthi moja. Tarehe sita. Tarehe saba. Tarehe tisa, kumi, kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa ya jana.

Akaisoma tena kutoka juu, akitafuta mahali alipokosea kusoma. Hapakuwepo. Na kilichomtisha zaidi ni kwamba, ukiacha ile miaka miwili ya kupumzika, mzee hakuwa amevunja sheria hata moja. Kila mara alikata theluthi moja ya iliyobaki, wala hakuzidisha.

Akauweka mti ndani ya kiroba, juu ya mchanga, akaingia jikoni nacho. Mama yake alikuwa anapepeta mtama. Penina hakusalimia, Mungu amsamehe. Aliuliza baba ana nini, tangu lini, na kwa nini yeye anadanganywa kila wiki kwenye simu.

Susana aliweka ungo chini. Alieleza polepole, bila kumtazama. Siku ya kwanza aliona mume wake anahamisha mti, akajua ni masika. Siku ya pili alidhani ndivyo kazi ilivyo, maana mambo ya mti ule hakuwahi kuyaingilia hata siku moja. Siku ya nne alimuuliza, na mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu, akamjibu kwamba leo ndiyo siku yake. Majirani nao waliona. Nani atamsahihisha bwana shamba? Walimpa shikamoo wakapita. Kuhusu simu, mama alisema mwanamke hamshitaki mume wake kwa watoto.

"Heshima gani hiyo, mama?" Penina alisema. "Mmemtazama anaumaliza."

Alisema anauchukua mti Musoma saa hiyo hiyo. Mkuyu una roho ngumu. Akiuweka kivulini, akaupa mchanga mwepesi na mtu asiuguse, ile mizizi mitatu inaweza kuuokoa. Ukikatwa tena hata mara moja, basi. Alikuwa anasema kweli, na mama hakubisha.

"Chukua," Susana alisema. "Ila uniambie, kesho asubuhi atashika nini?"

Kabla Penina hajajibu, walimsikia mzee uani. Alikuwa ametoka kuoga, amevaa koti lake la kazini, na mkononi ana mkasi na beseni. Penina akamtazama kupitia mlangoni. Mzee alifika kwenye kigoda, akasimama. Akaweka mkono juu ya chungu kitupu, akaupapasa ule udongo. Akaangalia chini ya kigoda. Akaangalia nyuma ya pipa. Akarudi kwenye chungu, akapapasa tena. Hakuita mtu. Alizunguka tu pale pale, akifungua na kufunga mkasi.

Penina alihimili mizunguko mitatu. Kisha akatoka na kiroba, akatoa mti, akausimamisha mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, marahaba mwanangu." Uso wa mzee ulifunguka wote. "Ahaa! Upo nao. Vizuri. Leo ndiyo siku yake."

Akakaa, akaongea sawasawa kabisa, tena kwa ufasaha. Alisema mvua za mwaka huu zimeanza vizuri. Aligusa mchanga wa kwenye kiroba, akausugua kwa vidole, akausifu: huu ndio wenyewe, maji hayatuami. Alieleza kwa nini kiangazi mti hauguswi. Moyo wa Penina ukaanza kurudi mahali pake. Labda mama amekuza mambo. Labda akimwambia taratibu ataelewa, maana huyu anayeongea ni baba yake yule yule, hajapungua neno.

"Mkasi huu sina haki nao mwaka huu," mzee akasema. "Niliahidi kumpa binti yangu, Penina. Yuko Musoma. Nimemngoja sana, sijui kimemshika nini huko, naye si mtu wa kuchelewa. Sasa mti hausubiri. Wewe nishikie hapa tu."

Penina alisikia kila neno na hakuelewa hata moja, kisha akayaelewa yote kwa pamoja. Aliangalia ule uso uliomfundisha kusoma, ukimtazama kwa upole, kama mteja anavyomtazama muuza duka. Mlangoni mama yake alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Shika hapa, mwanangu," mzee alirudia.

Penina akapiga magoti. Akashika shina kama alivyoshika tangu darasa la tatu, kidole gumba chini ya tawi la kwanza, kiganja kimeegemea beseni ili mti usiyumbe. Mzee akainama, akahesabu mizizi kwa ncha ya mkasi. Mmoja, wa pili, wa tatu. Akachagua wa katikati. Mkasi ulilia mara moja na utomvu ukadondokea kwenye vidole vya Penina.

Mzee akaangalia mkono ule uliokuwa haujatikisika. Akaangalia kidole gumba.

"Unajua kushika," alisema, akishangaa. "Nani alikufundisha?"

"Baba yangu," Penina akasema.

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia amletee chaki.