Otopailoti Haina Kosa

"Dada, mashine ndiyo iliyokosea. Mimi nilibonyeza kitufe, basi. Sasa unanilaumu nini?"

Mdogo wake alikuwa ameegemea bawa la ndege, mikono kifuani, miwani ya jua kichwani kama mtu aliyekuja kupigwa picha. Walikuwa wakibishana tangu injini izimwe, na dada mtu alishaacha kupunguza sauti. Kwenye benchi nje ya banda la bati, abiria watatu walijitia kukagua mizigo yao: daktari wa meno na sanduku lake la vifaa, na wazee wawili, mke na mume, waliokuwa wanarudi kwao baada ya kumwona mjukuu mchanga.

Hao ndio waliokuwa wasafirishwe. Ndege ilikuwa ndogo na joto limeshapanda, kwa hiyo ingewabeba wao, mizigo yao na rubani mmoja tu. Mpango ulikuwa hivi: asubuhi ndugu hao waje pamoja na shehena ya vipuri, dada amwangalie mdogo wake akirusha, na akiridhika ampe idhini ya kubeba abiria peke yake kuanzia safari ya kurudi. Yeye angerudi kwa basi. Mdogo mtu alishamwambia mkewe, alishawaambia mashemeji, na mabegani alishavaa mistari ya kapteni ambayo hakuna aliyempa.

Dada hakuwa ameridhika. Alikuwa na hasira.

Otopailoti ni mtambo unaoshika usukani badala ya rubani. Wakati wa kupanda, unaweza kuuambia ulinde mwendo wa ndege, nao utapanda kadiri injini inavyomudu. Au unaweza kuuambia upande futi kadhaa kila dakika, nao utazitafuta futi hizo, injini iweze isiweze, hadi ufike kimo ulichochagua na kukishika. Hii njia ya pili haina neno kwa ndege nyepesi asubuhi ya baridi. Kwa ndege iliyosheheni vyuma, juu ya vilima, kwenye jua, ni kumlazimisha punda hoi apande ngazi mbio.

Mdogo wake alichagua hiyo hiyo. Akaweka futi mia saba kwa dakika, akageukia dirishani na kuanza kueleza rangi atakayoipaka ndege akishakuwa kapteni. Katika ndege yao, kila abonyezaye kitufe husoma kwa sauti kile ambacho skrini imeandika, maana kidole huweza kubonyeza hiki na mtambo ukashika kingine. Yeye hakusoma kitu. Siku hizi aliona ni mambo ya wanafunzi. Marubani wakubwa, alisema, hawaropoki peke yao kama wehu.

Mtambo ukatii. Injini ilipoelemewa, uliinua pua ya ndege ili upate futi zake. Mwendo ukapungua. Ukainua pua tena. Dada alinyamaza makusudi, mkono karibu na usukani, aone kama ndugu yake ataitazama skrini. Hakuitazama. King'ora kilipolia kuonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege, mdogo wake aliuliza ni simu ya nani.

Dada ndiye aliyeuzima mtambo na kuisukuma pua chini.

Na sasa, miguu ikiwa ardhini, bwana mkubwa alikuwa amepata wa kumbebesha lawama. Alisema fundi aliufunga mtambo vibaya. Alisema fundi huyo ni mzembe, kila mtu anajua, na kama ndege ingekuwa yake angemfukuza leo hii. Hapo ndipo dada alipomkata kauli.

"Kwa hiyo otopailoti ni mbovu?"

"Mbovu kabisa."

"Na sasa hivi unataka kuwapakia wale wazee kwenye ndege yenye mtambo mbovu."

 Mdogo mtu akasema hataugusa, atarusha kwa mikono yake.

"Asubuhi mikono ilikuwa wapi?"

Alitazama benchini, akamsogelea dada yake na kushusha sauti. Kiburi chote kilikuwa kimemtoka. Alimwomba amsitiri. Watu wanaangalia. Mkewe anamsubiri kule uwanjani na watoto, wamevaa vizuri, wamwone akishuka. "Nipe safari hii moja tu, dada yangu. Nyumbani utanigombeza utakavyo, hata mbele ya mama."

Hilo lilimgusa, na kuguswa kukamzidishia hasira. Utotoni, dada ndiye aliyembeba huyu mgongoni. Angeweza kumfanyia kitu chochote, na mdogo wake alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa anaomba. Dada alitazama benchini. Bibi mzee alikuwa ameinama akimfunga mumewe kamba za kiatu, taratibu, wala hawakuwa na wasiwasi na mtu.

Akapanda kwenye bawa, akafungua mlango, akachomoa begi la mdogo wake nyuma ya kiti na kulitua miguuni pake.

"Basi la kurudi utapanda wewe."

"Dada, unaniaibisha."

"Ndiyo. Nakuaibisha."

Akageuka kuwaita abiria. Aliwapima mmoja mmoja kwenye mizani pamoja na mizigo yao, akamketisha daktari mbele na wazee nyuma, akavuta mikanda yao mwenyewe mpaka bwana mzee akalalamika kwamba anabanwa. Daktari aliuliza, kwa adabu, kapteni ni yupi hasa.

"Mimi."

Mdogo wake alikuwa bado amesimama palepale, begi chini, akingoja dada yake acheke, aseme ilikuwa kumtisha tu. Dada alifunga mlango. Akafungua kidirisha, akatazama kushoto na kulia, akapaza sauti kumwonya yeyote aliye karibu akae mbali na pangaboi la ndege. Aliyekuwa karibu alikuwa mtu mmoja tu.

Aliokota begi lake, akasogea, na injini ikawaka.