Kura ya Bonifasia

Mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia Mbinga, wizi wa kahawa ulizidi. Chama cha ushirika kilimjua kila mkulima na shamba lake. Hawa wapya walipima chochote kilicholetwa, hawakuuliza kimetoka wapi. Ndiyo maana siku ile mahakama ya mwanzo ilijaa watu hadi madirishani. Walitaka mwizi.

Bonifasia alikaa kushoto kwa hakimu. Alikuwa mzee wa baraza, mwanamke wa kwanza kupewa kiti hicho pale, mjane mwenye miche elfu moja ya kahawa na mwenyekiti wa akina mama parokiani. Kulia alikaa Mzee Joakim. Kura zao zilikuwa sawa na ya hakimu.

Washtakiwa walikuwa wawili: Hyasinti, mpwa wa marehemu mume wa Bonifasia, na Nazari, kibarua aliyempalilia mama huyo kahawa kwa misimu mitano. Jumatatu asubuhi walikamatwa njia ya Mpepai, Hyasinti akisukuma baiskeli, Nazari na gunia kichwani. Kahawa ilikuwa ya mkulima mmoja, Mansuetus, imezolewa kwenye vichanja vya kukaushia Jumapili, watu wakiwa kwenye misa.

"Umezaliwa wapi?" karani alimuuliza Nazari.

"Mbaha, ziwani."

"Na wazazi?"

"Walikimbia kutoka Msumbiji, wakati wa vita vya Mreno."

"Andika raia wa Msumbiji," hakimu alisema.

Hyasinti hakuulizwa alikozaliwa. Alijitetea kwamba Nazari ndiye aliyemshawishi.

"Mheshimiwa, huyu alinikuta njia panda Jumatatu, akaniomba nimbebee mzigo kwa ujira," Nazari alisema. "Jumapili nilikuwa shambani kwa mama huyu hapa, tangu kengele ya kwanza hadi jua lilipopinda. Muulizeni."

Hakimu alimgeukia Bonifasia. "Mama, ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Alimwacha akipalilia, akaenda kanisani kusoma somo la kwanza. Na wiki moja kabla ya hapo alikuwa amemkaripia mwanachama mmoja, Ottilia, mbele ya akina mama wenzake kwa kulima siku ya Bwana. Lakini aibu hiyo angeimeza. Kilichomzuia ni zile nyuso za madirishani. Kama si Nazari, basi ni Hyasinti peke yake, na Hyasinti alikuwa wa kwao.

Alimkumbuka baba yake. Enzi za Mwingereza alichapwa viboko kumi na viwili kwenye uwanja uleule wa mahakama, kwa debe moja la kahawa. Mwezi huohuo mzungu mmoja mwenye shamba alimpiga kibarua wake hadi akafa, akatozwa faini, akarudi nyumbani kwake kula chakula cha mchana. Baba alisimulia hayo hadi anakufa, na kila mara alivua shati akaonyesha mgongo.

"Mimi Jumapili siajiri mtu," Bonifasia alisema.

Nazari alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Mama. Uliniachia kande kwenye sufuria nyeusi, mama."

Watu wakacheka.

"Hawa wa ng'ambo ya Ruvuma tumewapa ardhi, tumewapa na binti zetu," Mzee Joakim alisema zamu yake ilipofika. "Wanatulipa wizi. Kijana wetu amepotoshwa tu."

"Naungana naye," alisema Bonifasia.

Nazari alipewa miezi sita jela, na akitoka akabidhiwe kwa watu wa uhamiaji. Hyasinti alipewa onyo, kwa kuwa lilikuwa kosa lake la kwanza. Kama Nazari angekuwa na kosa, nalo lingekuwa la kwanza.

Wiki mbili baadaye Luisa, mke wa Nazari, alifika kwa Bonifasia na mtoto mgongoni. Scholastica, jirani wa Bonifasia, alikuwepo, wakipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimefuata jembe lake. Alilisahau hapa ile Jumapili."

"Jembe gani?"

Jembe lilikuwa limeegemea ukuta wa jiko, mpini wake umefungwa mpira wa baiskeli. Luisa ndiye aliyeufunga. Alilitazama, akamtazama Bonifasia. Scholastica aliinamisha kichwa, akaendelea kupukuchua.

"Basi, mama," Luisa alisema, akaondoka mikono mitupu.

Nazari alipomaliza kifungo hakufika nyumbani. Walimpandisha gari hadi mpakani, wakamwonyesha njia ya kuingia nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Luisa alibeba watoto wake wawili akamfuata. Tangu hapo hawakusikika tena, hata kule Mbaha alikozaliwa Nazari.

Bonifasia aliongezewa miaka mitatu barazani. Siku barua ya uteuzi huo ilipofika, Hyasinti alimletea jogoo wa shukrani. Bonifasia alitaka kumwambia aondoke na jogoo wake, maneno yalishafika mdomoni. Badala yake alimpokea jogoo, akamchinja jioni hiyohiyo, akala hadi shingo, na hakuna aliyemuuliza kitu.