Faili Tupu ya Friji ya Chanjo

Sista Kavutha alinipigia simu asubuhi, maneno matatu tu: "Nzomo, njoo sasa." Nikajua kuna kitu kimeharibika na lawama ni zangu.

Yeye ni muuguzi wa zahanati ndogo hapa Kaloleni. Mimi ndiye niliyemwandikia programu ya kompyuta, kwa lugha ya Python, inayopima joto la friji ya chanjo kila baada ya dakika kumi. Mwanzoni vipimo vilipita kwenye skrini, akalalamika kwamba namba zile zinamchosha macho. Basi jana jioni nikaielekeza programu iandike kila kitu kwenye faili, nikaenda zangu nyumbani nikijisifu.

Usiku stima ikapotea kwa saa nne nzima. Kompyuta iliendelea kwa betri, lakini friji haina betri. Sasa friji ilikuwa baridi tena, ila Sista alitaka kujua ilipata joto kiasi gani gizani. Ikipita nyuzi nane, chanjo haziaminiki tena. Nikafungua faili. Hakuna hata herufi moja.

"Bila rekodi sitachanja mtu," Sista alisema. "Nitazitupa zote."

Kwenye benchi palikuwa na akina mama kumi na watatu. Wa kwanza, Nyawira, alikuwa na binti wa miezi tisa na alisharudishwa mara mbili kwa kukosa chanjo. Wiki hiyo surua ilikuwa imeingia kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga. Alikuwa akinitazama, nami sikuweza kumtazama.

Shiundu, bawabu, tayari alikuwa ameshika swichi ya kompyuta ukutani na waya wa betri yake. "Boss, ni kuzima tu na kuwasha. Hata TV yangu inaskia hivyo."

Sisi watu wa huku kila mashine tunaitibu hivyo, na kusema kweli nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie azime. Hapo ndipo nilipokumbuka. Python haiandiki kwenye faili mstari mmoja mmoja. Hukusanya maneno kwenye kumbukumbu kwanza, ikisubiri yawe mengi ndipo iyamwage. Vipimo vya usiku kucha vilikuwa bado mle ndani, na Shiundu alikuwa karibu kuvifuta kwa kuzima.

"Shiundu, toa mkono hapo. Polepole."

Nikabonyeza Control na C. Programu ikasimama kwa adabu, ikatua mzigo wake kwenye faili. Nikafungua faili tena na mistari ikajaa skrini. Nilishusha pumzi mpaka Shiundu akacheka.

Sista hakucheka. Alivaa miwani, akafuata kila mstari kwa kidole. Nyuzi nne. Tano na nusu. Sita. Saa kumi na moja alfajiri, saba nukta nne. Mstari uliofuata, stima imerudi, sita nukta tisa. Akarudia tena kutoka juu.

"Haikufika nane," alisema, akageukia mlango. "Nyawira, lete mtoto."

Binti yule alichomwa sindano akalia hadi akasikika barabarani. Mamake alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka, nami nikakaa kwenye nafasi yake pale benchi, safari hii nikimtazama.