Fungu la Baridi la Anaeli

Usiku wa jana niliota mume wangu anaupanda Kilimanjaro kwa gari, kwa rivasi, na aliyemshauri ni mimi.

Kwanza mjue jambo moja. Anaeli ana selimundu, ugonjwa wa damu. Tunaishi Moshi, dirisha la jikoni linatazama mlima, na alipokuwa ananichumbia aliahidi kwamba tukioana atanipeleka tukaishike theluji kwa mikono yetu. Akanunua na koti mtumbani. Daktari akakataa: asipande sehemu za juu, asipate baridi, anywe maji mengi. Koti lina miaka mitano kabatini. Jumapili iliyopita alilitoa, akalikung'uta, akalirudisha.

"Samahani, Namsifu," akaniambia.

Anaeli huomba radhi hata akiumwa. Maumivu yamemkunja kitandani, yeye anasema samahani, nimekuamsha.

Sasa ndoto.

Tuko kwenye kigari chetu chekundu. Hotipoti ya chapati iko mapajani mwangu. Kiti cha nyuma amekaa Chupa ya Maji, wa lita tatu, kafunga mkanda kama mama mkwe anayepelekwa harusini.

"Nywa," anasema Chupa.

Anaeli anakunywa.

"Nywa tena."

"Nimekunywa sasa hivi, mama."

"Nimeona. Nywa."

Barabara inapita katikati ya migomba, kisha katikati ya sebule ya watu wanaotazama taarifa ya habari. Wanainua miguu tupite. Tunawashukuru.

Mbele kuna Geti. Hakuna askari, Geti mwenyewe ndiye askari, amevaa kofia, na ana sauti ya mtu aliyekatizwa chai. Anaomba kadi ya kliniki ya Anaeli, anaisoma pande zote mbili.

"Hapa imeandikwa asipande."

"Samahani," anasema Anaeli, na anaanza kugeuza gari.

Gari linapomaliza kugeuka, namshika mkono. "Simama hapo hapo." Namuuliza Geti, "Gari linatazama wapi?"

"Moshi mjini."

"Gari linalotazama Moshi linakwenda wapi?"

Geti anafikiri. Kofia inamteleza kidogo. "Linashuka," anakubali, na anainuka.

Basi tukashuka kwenda juu. Saa tatu nzima Anaeli alikuwa amegeuza shingo upande wangu ili aone nyuma, mkono wake juu ya mgongo wa kiti changu, uso wake karibu na wangu kiasi kwamba nilihesabu kope. Mji wetu ulikuwa mbele ya kioo muda wote, ukizidi kuwa mdogo. Sijawahi kusafirishwa vizuri namna ile.

Nikapepesa macho, tukawa chumbani kwetu, ila chumba hakina dari na kitanda kimejaa mawe. Kabati letu limesimama pale pale pa siku zote. Kabati amevaa miwani.

"Hapa ndipo mnapochukulia baridi," anasema Kabati. "Kila mgeni na fungu lake. Huyu ni nani?"

"Anaeli. Unamjua, unamtunzia koti."

"Koti nalijua. Yeye simjui, hajawahi kulivaa." Anavuta droo, anatoa fungu la baridi limefungwa kwa kamba ya katani. "Asaini."

"Nipe mimi lake."

"Mtu mmoja hachukui mafungu mawili."

"Mimi ni mke wake."

"Mliapa kwa shida na raha?"

"Ndiyo."

"Baridi ni shida au ni raha?"

Nikamtazama Anaeli. Alikuwa amesimama na koti lake mkononi, analikunja vizuri, tayari kuambiwa arudi.

"Leo ni raha," nikasema.

Kabati akaandika: raha. Nikasaini mara mbili. Meno yangu yakaanza kugongana kwa zamu, ya juu kwa fungu langu, ya chini kwa fungu la Anaeli.

Mlango wa Kabati ulipofunguka, Theluji ilikuwa imekaa upande wa pili, imejipanga kama ndugu wanaosubiri chakula. Ikajisogeza kutupa nafasi.

"Karibuni. Wewe si yule wa dirishani?" ikamuuliza Anaeli. "Kila asubuhi nakuona ukipiga mswaki. Huwa unasahau kufunga bomba."

"Samahani," akasema Anaeli.

"Mimi napenda. Naona maji yananisalimia."

Akapiga magoti, akaichota kwa viganja viwili. Nikasubiri uso wake. Alitabasamu, lakini lile tabasamu analowapa wenye nyumba chakula kikikosa chumvi.

"Ni nzuri," akasema. "Kama unga. Ya uvuguvugu."

Nikaelewa. Baridi yake ninayo mimi. Nimemfikisha kwenye theluji, na theluji yenyewe sijamfikishia.

Palikuwa na bango: NI MARUFUKU KUSHUKA NA THELUJI. Nikalisoma mpaka mwisho. Kisha nikatoa chapati za juu kwenye hotipoti, nikala tatu kwa haraka, nikajaza theluji mahali pake.

"Nimeona," anasema Chupa.

"Nyamaza, mama."

Tunashuka, safari hii kwelikweli. Geti anainamia dirisha langu.

"Ndani ya hotipoti kuna nini?"

"Chapati."

"Mbona inatoa ukungu?"

"Za jana."

Anaiweka sawa kofia. "Omba radhi," anasema, "ndipo nifungue."

Anaeli anafungua mdomo. Namjua. Ninamziba kwa kiganja, kiganja chenye mafungu mawili ya baridi.

Nikaamka. Kiganja changu kilikuwa mdomoni pa Anaeli kweli, na jua lilikuwa limeshafika kwenye mto.

"Namsifu," akasema chini ya vidole, "mkono wako kama umetoka kwenye friji."

Akauchukua, akaubana kwapani mwake mpaka ukapata moto. "Samahani," akaongeza.

"Ya nini?"

"Sijui."

Nikaenda jikoni kubandika chai. Kwenye hotipoti, chapati zilikuwa zimepungua tatu. Zilizobaki zimelowa, na juu yake palikuwa na kitu cheupe, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Nikakibeba kwa kijiko, nikakimbia chumbani.

"Fungua kiganja."

Kilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Anaeli alikitazama mpaka kikawa maji, na hakuomba radhi kwa lolote.

"Kumbe inang'ata," akasema. Akaivuta chupa yake, akanywa bila kuambiwa.

Na wewe Geti, popote ulipo: ndani ya hotipoti mlikuwa na theluji. Nilijua ni marufuku, bango nililisoma, nikakudanganya ukinitazama. Siombi radhi.