Kompyuta Iliyopashwa Moto

Wenzake wa barabarani walimwita Dizeli kwa sababu asubuhi alikuwa mzito kuwaka, lakini akishawaka hazimiki. Maisha yake yote ya utu uzima aliendesha malori ya mizigo, mpaka mgongo ulipogoma na daktari akamwambia kiti cha lori sasa basi. Akarudi nyumbani, akajichimbia kwenye sofa, akaanza kumfundisha mkewe namna ya kupanga masufuria. Mkewe, aliyepanga masufuria hayo miaka yote bila msaada wa mtu, alikaribia kumrudisha barabarani kwa nguvu.

Binti yao ndiye aliyeleta dawa. Yeye ni mkunga, na hospitali yake iko mbali sana na nyumbani. Alipokuja likizo alibeba kompyuta ya bei ya chini, usukani wa plastiki wa kufunga mezani, na mchezo wa kuendesha malori. Watu wawili wanaweza kuucheza wakiwa mbalimbali, kila mmoja na lori lake, barabara moja, huku wanaongea kwa hedifoni. Basi ikawa kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, baba na binti wanapakia mizigo ya uongo na kushika njia.

Usicheke. Kwenye simu hawa wawili walikuwa hawana maneno. "Shikamoo baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." "Haya, mama yako huyu hapa." Mwisho. Lakini wakiwa barabarani, kila mtu macho mbele, maneno yalitoka yenyewe. Dizeli alijua habari za wodi, alijua visa vya mwenye nyumba mkorofi, na alijua habari za fundi umeme mmoja mpole ambaye mama mtu hakuwa na fununu zake hata kidogo. Alijiona baba mpya kabisa, na aliipenda Jumapili kuliko alivyowahi kuipenda siku ya mshahara.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Wakiingia mjini, au mvua ikinyesha mle ndani ya mchezo, picha zilikwama. Lori la Dizeli lilirukaruka kama chura, likapanda ukingo, likagonga nguzo, wakati la binti linateleza tu bila kukwama. Binti alikuwa akiegesha pembeni na kusema, "Usijali baba, nakusubiri." Jumapili moja, baada ya kusema hivyo, alishusha pumzi ndefu. Pumzi ile ikapita kwenye hedifoni ikamchoma Dizeli moyoni. Akawaza: huyu atachoka. Ana kazi, ana ujana wake, ana fundi umeme wake. Atamsubiri mzee mpaka lini? Siku akichoka, watarudi kwenye shikamoo na marahaba.

Kesho yake akaibeba kompyuta hadi kwa fundi, mama mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahauliwa juu ya kilemba.

"Prosesa yako si mbaya," fundi alisema baada ya kuipekua. Prosesa ndiyo kile kidude kidogo kinachofikiri kwa niaba ya kompyuta nzima. "Ni ya bei rahisi tu. Kiwandani waliiwekea mwendo wa chini. Naweza kuipandisha kasi kidogo."

"Yaani imefungwa gavana."

"Imefungwa nini?"

"Gavana. Kile kinachozuia lori lisivuke spidi fulani."

Fundi akafikiri. "Haya, tuseme hivyo."

"Basi toa."

Fundi akaingia kwenye ule ukurasa unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, akapandisha namba moja, akapandisha nyingine, akajaribu, akashusha kidogo. Walipowasha mchezo palepale kibandani, lori likateleza. Mvua ikanyesha, likateleza. Dizeli akarudi nyumbani kifua mbele. Jumamosi asubuhi akajaribu tena peke yake, mambo yakawa safi, mpaka mkewe akauliza nani anaimba.

Jumapili ikafika. Binti akaingia, wakaondoka, na hawajamaliza hata mtaa wa kwanza lori la Dizeli likaanza kukwama. Tena vibaya kuliko zamani. Likasimama katikati ya makutano, likagongwa na basi, likazunguka.

"Baba, si ulisema imetengenezwa?"

"Imetengenezwa!"

Jumatatu akairudisha kwa fundi, na kwa fundi ikateleza. Jumatano asubuhi nyumbani ikateleza. Jumapili ikakwama. Dizeli akapigwa na butwaa. Katika kazi yake, gari bovu ni bovu na zima ni zima. Hakuwahi kuona injini inayojua siku za wiki.

Akaanza kushuku kila kitu. Alishuku mtandao. Alishuku friji, akaichomoa, na mkewe alipokuta maziwa yameharibika alikuja juu hivi kwamba friji ikarudishwa kabla hajamaliza sentensi. Alishuku usukani, akaufunga upya. Kichwa kilimzunguka, hakujua ashike lipi aache lipi.

"Labda inamwonea haya mwanao," mkewe alimtania. "Ukiwa peke yako inakimbia. Akija yeye inainamisha macho."

Alikuwa anatania, lakini Dizeli alilifikiria jambo hilo kutwa nzima.

Jumapili iliyofuata lori liliganda kabisa darajani. Binti akasubiri, akasubiri, halafu akasema taratibu, "Baba, tuache kwa leo?" Waliacha. Dizeli akabaki ameshika usukani wa plastiki, akitazama daraja, na kwa kweli aliogopa. Hajawahi kuogopa hivyo hata siku breki zilipomkatikia mteremkoni akiwa na mzigo wa saruji.

Akamwomba fundi aje nyumbani Jumapili aone kwa macho yake. Fundi alifika binti akiwa bado hajaingia. Akaweka kiganja ubavuni mwa kompyuta, akakiondoa haraka.

"Baba, hii umeiwasha saa ngapi?"

"Tangu tumalize kula."

"Unacheza na nani?"

"Sichezi. Naipasha moto."

Fundi akavua miwani ya machoni. "Unaifanya nini?"

Dizeli akaeleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni. Injini ya dizeli haipewi mzigo ikiwa baridi. Unaiwasha, unaiacha ingurume mahali pamoja, mafuta yapande, chuma kipate joto, ndipo uingize gia. Sasa kwa kuwa gavana imetolewa na kompyuta ina kazi kubwa zaidi, aliona ni busara kuipasha sawasawa. Kila Jumapili alifungua mchezo mapema, akaweka mvua na ukungu na picha nzito kuliko zote, akaliacha lori likinguruma uani mpaka binti aje. Siku nyingine hakujisumbua, maana alikuwa anajaribu tu.

Fundi alicheka mpaka ile miwani ya kilembani ikaanguka, ndipo akajua ilikuwa huko.

"Baba yangu, hiki kidude kinataka baridi! Nilipokipandisha kasi, na joto lake likapanda. Na feni yake ni hii ndogo iliyokuja nacho. Wewe unakichemsha, na kikichemka kinajipunguza mwendo chenyewe kisiungue. Mwanao akiingia, kimeshachoka zamani."

"Kwa hiyo kuna gavana nyingine?"

"Ipo. Na hiyo usiniombe niitoe."

Dizeli akakaa kitini. Jambo alilojivunia maisha yote, lile lililomfanya asiwahi kuua injini hata moja, ndilo lililokuwa linamkwamisha. Hakuelewa mbele wala nyuma, ila alikubali. Fundi akaizima kompyuta, akafungua ubavu wake, akaiacha ipoe, akaagiza isiwashwe mpaka binti apige simu.

Binti akapiga. Kompyuta ikawashwa ikiwa baridi kama jiwe la kisimani, na lori likaondoka.

Loo! Likateleza mjini, likateleza kwenye makutano, likakata kona kama enzi zile. Dizeli akampita binti yake kwa honi ndefu, akashika barabara kuu, akakanyaga. Akawa anapiga domo mfululizo: gia hii, mteremko ule, angalia tela linavyofuata kwa adabu. Alivuka daraja lililomgandisha akalicheka. Ni baadaye sana alipogundua kwamba anaongea peke yake.

"Upo?" akauliza. "Mtandao umekatika?"

"Nipo."

"Mbona kimya?"

"Umeniacha tena, baba."

Dizeli akakunja uso. "Tena lini? Mimi sijawahi kukutangulia hata mara moja."

Binti akasema, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, "Nilipokuwa mdogo. Nilikuwa nakaa dirishani. Mama anasema labda leo. Nasikia lori, nakimbia nje, nakuta ni la mtu mwingine."

Dizeli akaondoa mguu kwenye kanyagio. Alitaka kusema alikuwa kazini, kwamba ada ya shule haikuota uani, na yote yalikuwa kweli, lakini akayaacha.

"Nilidhani unachoka kunisubiri," akasema. "Siku ile ulishusha pumzi."

"Nilikuwa nimetoka zamu, baba. Nilikuwa napumzika." "Mimi kukusubiri hapa napenda. Unarukaruka, unagonga nguzo, lakini najua unakuja. Zamani nilikuwa sijui."

Lori lilikuwa limesimama katikati ya barabara kuu, na magari ya nyuma yanapiga honi. Dizeli hakujua amefurahi au ameumia. Akaingiza gia, akazungusha usukani wote upande mmoja.

"Unafanya nini? Naona kwenye ramani unageuka."

"Nageuza."

"Hapo hapageuzwi, baba! Ni njia ya upande mmoja, utagongwa!"

"Wanigonge. Kaa hapohapo ulipo, nakuja."

Tela likakwangua vyuma vya pembeni, taa za magari zikamjia usoni, basi likamkosa kidogo tu. Kwenye hedifoni akasikia binti anavuta kamasi.

"Unacheka au unalia?"

"Hata sijui, baba. Wewe njoo tu."